Mikono ya Msagaji

Mtaani walimwita Mzimu, na jina lenyewe halikuwa na ubaya. Alikuwa msagaji, na mtu anayesimama mbele ya mashine ya kusaga tangu asubuhi hurudi kwake mweupe kuanzia nywele hadi kope. Jioni watoto walimkimbia huku wakicheka, naye aliwatolea macho makusudi ili wapate raha ya kuogopa. Hizo zilikuwa enzi ambazo mtaa mzima ulipeleka nafaka mashineni. Siku hizi watu hununua unga dukani, kwenye mfuko wenye picha ya mwanamke anayecheka, na hawajui mahindi yaliyomo yalilimwa wapi wala yalilala na panya gani.

Kibanda cha mashine kilikuwa cha bati, kuta na paa, na ndani yake mota, mkanda na ile ngoma ya chuma inayotafuna nafaka. Ikishawashwa, hata mtu akikupigia kelele sikioni humsikii. Kwa hiyo wasagaji hawakupoteza sauti. Walisema kwa mikono na midomo mitupu. Mzimu alifundishwa hivyo na mzee aliyempa kazi, na mzee yule alikuta wengine wakisema hivyo kabla yake. Kidole kidevuni ni mahindi. Vidole viwili vikisuguana ni ulezi. Ngumi ikigonga paji la uso, jihadhari, mteja huyu mkorofi. Kiganja kikifuta kiganja, kwisha, hakuna kilichobaki. Na kulikuwa na sheria moja ya kazi ambayo haikuandikwa popote: anayelisikia neno la mteja pale mlangoni penye mizani, analipitisha papo hapo kwa mikono hadi kwa aliyesimama kwenye mashine. Hangoji kuulizwa. Asipolipitisha, mtama wa mtu utasagwa pamoja na muhogo wa mwingine, na hapo ni matusi hadi jua lizame.

Mkewe, ambaye ndiye aliyeshika mizani, aliijua lugha hiyo kabla hata ya kuwajua mawifi zake. Walikuwa wakigombana mbele ya wateja, mikono ikirushana maneno mazito, na wateja wakidhani wanaulizana habari za pumba.

"Mnapendana kweli nyie," bibi mmoja aliwaambia siku moja. "Yaani hamchoki kuongea."

"Ungejua alichoniita hivi sasa, bibi," mke akajibu.

Binti yao alizaliwa wakiwa wamekwisha kata tamaa ya kupata mtoto. Akalelewa juu ya magunia, katikati ya ngurumo, na alianza kusema kwa mikono kabla hajajua kutembea. Alikuwa na maneno huyo! Alisema akila, akioga, akibebwa mgongoni, mikono ikichungulia mabegani kwa mama yake. Wakamwita Chiriku. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kooni, na maneno ya mdomoni yalikuwa machache na yaliyopinda, lakini nani angeshangaa? Mtoto wa mashineni. "Hata mimi," mama yake alikuwa akisema, "nikitoka mle ndani nasahau mdomo una kazi gani." Walimwambia neno, akajibu. Walimtuma, akaenda. Hawakujiuliza kama walishawahi kumwambia neno lolote mikono yao ikiwa imetulia.

Ndiyo maana waliambiwa na shule, tena kwa ubaya.

Mwalimu wa darasa alimwita Mzimu akamwambia binti yake ana kiburi. Anaitwa jina, haitiki. Anaambiwa asimame, anakodoa macho. Amechapwa kwa hilo, na bado. Wenzake wamempa jina la Jiwe. Mzimu alisimama pale mlangoni na unga wake kwenye nyusi, akawa anatafuta mtoto gani anayezungumzwa. Jiwe? Chiriku wake?

Zamani mwalimu akiona mtoto haitiki, alimfuata kwao. Alikaribishwa kiti, akakaa, akaona mtoto anavyoishi, na kabla hajainuka alikuwa ameshajua ugonjwa uko wapi, kwa mtoto au kwa nyumba. Walimu wa namna hiyo wamekwisha. Waliopo huwahi nyumbani kabla ya kengele kumaliza kulia, na ukiwauliza watakwambia darasa limejaa, jambo ambalo ni kweli, na ambalo halimsaidii mtoto.

Jioni ile mashine ikiwa imezimwa, mama alisimama nyuma ya Chiriku aliyekuwa akichezea pumba, akaachia mfuniko wa sufuria ukaanguka sakafuni. Mfuniko ulizunguka, ukalia, ukanyamaza. Mtoto hakugeuka. Akauokota, akauachia tena. Mzimu aliruka. Mtoto aliendelea kujenga kijilima chake cha pumba.

"Tumekuwa wajinga kiasi gani, baba yake?" mke akasema.

Muuguzi wa zahanati aliwaambia masikio yote mawili hayafanyi kazi, na kwamba pengine hayajawahi kufanya. Lakini hakuwaacha hivyo. Aliwaketisha akawaeleza kwamba sheria iko upande wao: mtoto ana haki ya kusoma shule ileile ya mtaani, akae mbele, na aletewe mwalimu msaidizi anayejua lugha ya alama. Ila shule haiwezi kumwomba mwalimu huyo mpaka mpimaji wa elimu maalumu atoke wilayani, ampime mtoto, na aseme kwa kinywa chake kwamba hasikii. Bila neno la mpimaji, hakuna mwalimu.

"Basi ni neno moja tu," Mzimu akasema.

"Ni neno moja, baba. Mkilipata, mtoto amesoma."

Kulipata halikuwa jambo la mchezo. Mama alimkalia mwalimu mkuu kooni. Kila alipopata upenyo alifunga kanga kiunoni, akaenda kukaa kwenye benchi la nje ya ofisi, na hakuondoka hadi atazamwe. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa sauti laini na ahadi nyingi, hodari wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. "Mama, suala lako liko mezani." "Mama, lipo njiani." Chiriku wakati huo alikaa benchi la nyuma kabisa, anatazama kisogo cha mwalimu kikiandika ubaoni, na midomo asiyoweza kuiona ikisema mambo asiyoyajua.

Mpimaji akaja hatimaye, bila taarifa, katikati ya siku ya kazi. Alikuwa kijana wa haraka, mwenye shule nyingi za kupitia kabla gari halijamwacha. Mashineni kulikuwa na foleni ya magunia, ikabidi mmoja abaki. Mke akasema abaki yeye, kwa sababu yeye akienda ataishia kutukana mtu. Mzimu akajipangusa unga kwa kitambaa, akaenda.

Ofisini Chiriku aliwekwa kwenye kiti akielekea ukutani, penye kabati la vitabu. Mpimaji alisimama nyuma yake na karatasi mbele ya mdomo.

"Wewe mzee, simama pale kwenye kabati, mtoto asiogope. Ila nakuomba, usiseme kitu. Hata neno moja."

"Sisemi, mwalimu."

Na kweli hakusema. Alisimama wima kama askari, akimtazama mtoto wake na mtoto akimtazama yeye. Alijua lazima mtoto asisikie. Alikuja kuombea hivyo, jambo gumu kwa mzazi, kuomba mtoto wake ashindwe.

"Gusa pua," mpimaji akasema taratibu nyuma ya karatasi.

Chiriku akagusa pua.

"Simama."

Akasimama.

"Kaa. Onyesha mlango."

Akakaa, akaonyesha mlango. Akaonyesha dirisha. Akachukua kalamu mezani, akairudisha. Hakukosea hata kimoja, na alikuwa akitabasamu, kwa sababu tangu aanze shule hakuna aliyemwambia kitu ndani ya majengo yale akakielewa. Mtoto anasikia! Muuguzi kakosea, mfuniko wa sufuria umekosea, Mungu ni mkubwa. Alisahau haraka alichokuja kukiombea. Mzazi gani angekikumbuka?

"Huyu hana tatizo la masikio," mpimaji akasema akikunja karatasi zake. "Anasikia kuliko mimi. Mkazanieni tu, ni uvivu."

Mzimu alirudi karibu akikimbia, amemshika binti mkono. Akamwashiria mkewe, wakazima mashine mbele ya foleni nzima.

"Kasikia! Mama yake, mtoto kasikia!"

"Kasikia nini?"

"Kila kitu! Yule kijana kasimama nyuma yake, kaziba mdomo na karatasi. Kasema gusa pua," na mkono wa Mzimu ukapanda puani. "Kasema simama," na kiganja kikainuka. "Kasema onyesha mlango..."

Mke alikuwa ameacha kumsikiliza. Alikuwa anaitazama mikono yake.

"Na wewe ulikuwa umesimama wapi?"

"Pale kwenye kabati. Mbele yake."

"Mikono yako ilikuwa wapi?"

Mzimu akaitazama mikono yake. Bado ilikuwa juu, imeshikilia mlango usiokuwapo.

Hakuna mtu mwingine ambaye angelifanya kosa lile. Baba yeyote mwingine angesimama pale na mikono yake ikamtii. Lakini huyu alikuwa amepitisha maneno ya wateja tangu akiwa kijana, hadi mikono ikawa haimwombi ruhusa tena. Sikio lake lilinasa neno, mikono ikalipeleka kwa mwenye kulihitaji. Ndiyo kazi aliyoijua, na aliifanya vizuri mno.

"Mzimu!" mteja mmoja akaita kwenye foleni. "Washa basi, tulale hapa?"

Akawasha. Ngurumo ikawafunika wote watatu.

Asubuhi iliyofuata walikwenda wote wawili. Mpimaji alishaondoka. Mke alieleza yote, kuanzia mashine hadi kabati. Mwalimu mkuu alisikiliza, kisha akacheka, si kwa ukatili, alicheka tu kama mtu aliyeletewa kioja.

"Yaani mzee, ulimpa mtoto majibu ya mtihani?"

"Sikujua, mwalimu. Mikono ilienda yenyewe."

"Ilienda yenyewe." Akamgeukia mke. "Mama, wazazi wengine huja hapa kulia mtoto wao asiitwe kiziwi. Nyinyi mnalia aitwe. Mnataka mtoto awe kiziwi kwa lazima?"

"Nataka afundishwe," mke akasema. "Mrudishe yule kijana. Ampime sisi tukiwa nje."

"Simpangi mimi, anapangwa wilayani. Mpaka mwaka ujao."

"Basi akae mbele tu. Kukaa mbele nako kunahitaji mpimaji?"

"Mbele wanakaa waliofaulu, mama. Nikianza kupangua, nitawajibu nini wazazi wao?"

"Waambie wao wana masikio, popote watasikia!"

Sauti yake ilifika hadi madarasani. Mwalimu mkuu akainuka, akafungua mlango, akaushikilia wazi kwa adabu kubwa.

Mke alipokwenda wilayani walimwambia vivyo hivyo, tena bila kicheko. Mpimaji kasema anasikia, wao ni nani wa kumpinga?

Mke akapiga moyo konde, akafanya alichokijua. Alianza kwenda shuleni asubuhi na kusimama nje ya dirisha la darasa la Chiriku. Mwalimu akisema neno, yeye analisikia, analipitisha. Aliyasema yote kwa mikono, hesabu, nyimbo, habari za mito na milima, na alipokosa alama ya jambo alilibuni papo hapo, naye Chiriku akalinasa kutoka benchi la nyuma. Kwa muda mfupi ule mtoto alijifunza kusoma maneno madogo. Alikuja nyumbani akayaandika kwa kidole kwenye unga uliotanda sakafuni: mama, baba, maji. Mzimu alisimama kando ya mashine, hakuthubutu kukanyaga pale.

Lakini darasa zima lilikuwa likitazama dirishani. Watoto ni watoto, waliipenda ile michezo ya mikono, wakaanza kuigana na kuambizana siri. Mwalimu wa darasa alichoka.

"Mama, unanivurugia. Wewe ndiye mwalimu au mimi?"

"Wewe, mwalimu. Mimi napitisha tu."

"Pitisha kwako."

Dirisha likafungwa. Lilikuwa la mbao, lisilo na kioo. Mke akarudi kwenye mizani. Na huko nako kazi ilikuwa inapungua. Wateja waliohamia unga wa dukani hawakurudi, waliobaki walikuwa wazee wanaoleta nafaka kidogo, nusu kwa mazoea. Ilifika wakati mashine inazimwa kabla ya adhuhuri, na watu wanaongea kwa sauti ndani ya kibanda, jambo ambalo Mzimu hakulizoea. Alijiona kama yuko nyumba ya mtu.

Siku nyingine alimkuta mkewe amempa Chiriku kisogo, akimwambia neno kwa mdomo kwa kusahau, kisha akageuka haraka na kulirudia kwa mikono. Aliona mtoto alivyosubiri.

Naye Mzimu alikuwa amejiwekea adabu yake. Alianza kutembea na mikono mfukoni. Nyumbani, njiani, hata akila alikula na mmoja na kuuficha mwingine. Alisema anaifundisha kutulia, kwa ajili ya mwaka ujao. Mke akamwambia, "Unamnyima mtoto baba." Mzimu aliamini akiweza kuitawala mikono ile, neno litapatikana.

Mwaka ukaisha, Chiriku akarudishwa darasa lilelile, na mpimaji akaja. Safari hii alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na subira zaidi kidogo kuliko yule kijana. Wazazi walikaa nje ya geti, mbali, Mzimu amekalia mikono yake juu ya jiwe.

Yaliyotokea ndani waliyasikia baadaye kwa mwalimu mkuu. Mtoto alikalishwa mahali palepale. Akaambiwa aguse pua. Hakugusa. Akaambiwa asimame. Hakusimama. Aligeuza tu kichwa kuelekea lile kabati la vitabu na kulitazama, akatazama kando yake, akatazama nyuma yake, kama mtu aliyeahidiwa kukutana na mwenzake pale. Mwishowe akaanza kulia. Mama yule alimvumilia, akarudia, kisha akafungua kumbukumbu za mwaka uliopita. Humo mtoto huyuhuyu, kwenye kiti hikihiki, alisikia yote.

"Hajawa kiziwi ndani ya mwaka mmoja," akamwambia mwalimu mkuu. "Kuna mtu amemfundisha kukataa."

Mwalimu mkuu alikuwa anawajua wazazi wenyewe. Habari ya mikono hakuitaja. Alisema tu, "Wamekuwa wakililia hilo tangu mwaka jana."

Basi ikawa hivyo. Mtoto ni mkaidi, na wazazi ndio waliomtia ukaidi. Tena ameshashindwa darasa, amerudishwa lilelile, na shule ina watoto wengi wanaoitaka nafasi ile. Mwalimu mkuu aliwaambia wamtafutie pengine panapomfaa. Hakusema ni wapi, na wao walijua kwamba kwa umbali wanaoweza kufika hakuna pengine. Mke hakupiga kelele. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka ofisini mle bila kupiga kelele, na Mzimu aliogopa zaidi kwa hilo.

Hawakumwambia mtoto. Mke alisema, "Mwambie wewe," akaenda kulala na kujifunika hadi kichwani.

Kulipokucha Chiriku alijivika mwenyewe. Alivaa shati la shule, akafunga vifungo vyote, na alipofika kwenye kibanda cha mashine akagusa kile cha juu kabisa, chini ya koo. Ndiyo alama aliyoibuni mwenyewe siku ya kwanza kabisa, na maana yake ilikuwa shule. Alikuwa akiuliza nani anampeleka.

Mzimu alikuwa ameegemea mashine iliyozimwa. Hapakuwa na mteja. Mikono yake ilikuwa mfukoni, imekaa kimya kabisa, imeshika adabu ambayo hakuna aliyeihitaji tena.

Mtoto akagusa kifungo mara ya pili.

Baba yake akatazama mlangoni.

Chiriku akamsogelea. Akaingiza mkono wake katika mfuko wa baba, akaukamata mkono uliokuwamo, akautoa. Akaenda upande wa pili, akautoa na ule mwingine. Akaiinua yote miwili hadi mbele ya uso wake, akaifungua vidole, akaiachia pale hewani, akarudi nyuma hatua moja ili aione vizuri. Akasubiri.

Mzimu akafuta kiganja kwa kiganja.

Chiriku aliitazama mikono ile. Aliitazama tena, pengine ingeongeza neno. Haikuongeza. Akapeleka vidole vyake kwenye kile kifungo cha juu, akakifungua.